Je, niifiche mipangilio ili wanafunzi wasiharibu kompyuta?

«Nafundisha masomo ya mwanzo ya kompyuta kila Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa jamii hapa Eastlands. Wanafunzi wangu ni watu wazima: akina mama wa sokoni, vijana wa bodaboda, wazee waliostaafu. Tulipewa kompyuta saba za zamani na ofisi iliyokuwa ikihama. Zote zina Windows XP, na nilifurahi kwa sababu naiona ni rahisi kwa anayeanza kuliko hizi mpya. Shida ni kwamba kila wiki nakuta kitu kimevurugika. Mara ule upau wa chini umehamia pembeni, mara ikoni zote zimetoweka, mara skrini imepinduka miguu juu, mara kibodi haiandiki. Mashine mbili tarehe yake inarudi miaka ya nyuma kila nikiwasha, hata nikiirekebisha. Menyu za Word nazo hubadilika zenyewe. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliona skrini imebadilika ghafla, akazima kompyuta ukutani, akasema ameharibu mali ya watu, na hajarudi tena. Fundi mmoja wa mjini ananiambia afomati zote, yaani afute kila kilichomo na kuweka Windows upya, kisha aiondoe kabisa Control Panel, ile sehemu ya Windows yenye mipangilio ya kompyuta, nimlipe kwa kila mashine. Nimwachie? Na je, ni kweli mwanafunzi anaweza kuiua kompyuta kwa kubonyezabonyeza mipangilio?»

Mwalimu, nianze na jibu lenyewe ili usije ukalipa kabla ya kumaliza kusoma: usikubali kompyuta hizo zifomatiwe, na usikubali Control Panel iondolewe. Wasiwasi wako naufahamu. Mashine si zako, wanafunzi wanakutegemea, na kila Jumamosi unamaliza nusu ya muda ukirudisha vitu mahali pake. Lakini dawa uliyopewa haiendi palipo na ugonjwa.

Hebu tuangalie tena orodha yako. Upau wa chini huhama kwa sababu mtu ameuburuta kwa mausi, mara nyingi alipokuwa akilenga kitu kingine. Ikoni hutoweka mtu akibofya kitufe cha kulia juu ya skrini tupu na kuondoa alama moja kwenye menyu inayotokea. Skrini hupinduka mtu akishika vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Alt na mshale. Kibodi huonekana imekufa mtu akishikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane, jambo la kawaida sana kwa anayejifunza kuandika herufi kubwa huku akizitafuta kwa macho. Tarehe na menyu za Word nitazifikia, na zenyewe hazina mkosaji darasani. Katika yote hayo hakuna hata moja lililoanzia Control Panel. Ungeiondoa leo, Jumamosi ijayo ungekuta upau uko pembeni vilevile.

Pengine hilo ndilo jambo kubwa la kurekebisha kwanza. Tumezoea kuiita Control Panel chumba cha hatari ambamo wanaoanza hawafai kuingia, kumbe ajali nyingi hutokea sebuleni, na vifaa vya kuzitengeneza ndivyo viko mle chumbani.

Sasa swali lako la mwisho. Mipangilio haimo katika vyuma vya kompyuta, ni kumbukumbu zilizoandikwa. Mwanafunzi akiuhamisha upau, Windows huandika kwenye rejista yake kwamba mtumiaji huyu anautaka upande wa kushoto. Kesho akiwasha, inasoma ilichoandika na kumtii. Hakuna kilichokatika wala kuungua. Kumbukumbu hizo zina matabaka, na ukiyaelewa matabaka utajua kila tatizo lako linakaa wapi. Mambo ya mtu binafsi, kama rangi, picha ya nyuma, kasi ya mausi na mahali pa upau, huandikwa kwenye faili iitwayo NTUSER.DAT ndani ya folda ya mtumiaji huyo. Mambo ya mashine nzima, kama programu zilizosakinishwa na madereva ya vifaa (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia sauti, picha na kadhalika), huandikwa ndani ya folda ya Windows yenyewe, na yanamhusu kila anayeketi hapo. Kisha kuna tabaka la tatu ambalo haliko kwenye diski kabisa: saa, tarehe na taarifa za awali za vifaa, zinazotunzwa ndani ya ubao mkuu na kuwekwa hai na betri ndogo ya duara iitwayo CR2032 wakati umeme umezimwa.

Hapo ndipo ilipo siri ya zile mashine mbili. Betri zake zimeisha. Ukichomoa waya wa ukutani, saa inakufa, na ukiwasha inaanza upya kutoka tarehe iliyotoka nayo kiwandani. Hakuna menyu itakayolitatua hilo, wala kufomati hakutalitatua hata ukifomati mara kumi, kwa sababu kufomati kunagusa diski na tarehe haiko kwenye diski. Nunua CR2032 mbili (zinauzwa kila duka la vifaa vya umeme, Luthuli Avenue utazikuta mlango hadi mlango), zima mashine, chomoa waya, fungua kasha, toa ya zamani na uweke mpya huku upande wenye maandishi ukitazama kwako. Ukiwasha inaweza kukusimamisha na kukuomba ubonyeze F1 ili uendelee. Weka tarehe, hifadhi, basi. Kama hujawahi kufungua kasha, mpe mtu anayejua aifanye mbele yako. Ni kazi ya dakika chache.

Sitakuambia kwamba hakuna hatari yoyote. Mwanafunzi aliyeingia kwa akaunti yenye madaraka yote anaweza kufuta akaunti ya mwenzake pamoja na kazi zake, kuondoa programu, au kuanza kufomati diski. Na kama baadhi ya skrini zenu ni zile nene za kioo cha bomba, kuna mpangilio mmoja ninaotaka uuache ulivyo: kasi ya kuchora picha upya kwa sekunde. XP huficha kasi ambazo skrini haiwezi kuzibeba, na kuna alama ya kuziondoa mafichoni. Usiiguse, kwa kuwa skrini za zamani zinaweza kuumia zikilazimishwa. Nje ya hapo, kitu kinachoziumiza mashine hizi kuliko menyu yoyote ni kuzimwa ukutani au kupotea kwa umeme wakati diski inaandika. Kwa hiyo alichokiogopa mzee wako hakikuwa na madhara, na hata kule kuzima ghafla mara nyingi huishia kwa kompyuta kukagua diski yake inapowaka tena. Nitarudi kwake.

Kinga halisi dhidi ya hatari hizo ni akaunti. Nakisia kompyuta zako zikiwashwa zinaingia moja kwa moja bila kuuliza jina. Ikiwa ni hivyo, kila mwanafunzi anafanya kazi kama msimamizi, kwa sababu XP humpa madaraka hayo kila anayesajiliwa wakati wa kuisakinisha. Ingia Control Panel, sehemu ya User Accounts, uweke neno la siri kwenye akaunti yako mwenyewe, kisha ufungue nyingine ya aina ya Limited kwa ajili ya darasa, au mbili tatu kama vikundi vyako vinapokezana. Mwenye akaunti hiyo anaweza kubadilisha picha, rangi, kasi ya mausi na ukubwa wa maandishi yake. Hawezi kubadilisha tarehe, kusakinisha programu nyingi, wala kugusa akaunti za wengine. Na vurugu nyingi atakazozifanya zitabaki kwenye faili yake mwenyewe, mwenzake akiingia kwa jina jingine atakuta kila kitu kimetulia.

Kuna tahadhari moja kuhusu njia ya fundi wako. Kwenye XP Professional, kuzuia Control Panel hufanywa kwa sera ya mashine, na katika kompyuta isiyosimamiwa na seva ya ofisi sera hiyo inamshika kila mtu pamoja na msimamizi. Ina maana siku utakapotaka kuongeza akaunti au kurekebisha kibodi, hata wewe utaambiwa kwa Kiingereza cha ukali kwamba shughuli imesitishwa kwa sababu ya vizuizi vilivyowekwa. Utamwita fundi tena. Nawe fikiria mama wa sokoni anayesoma ujumbe wa namna hiyo katika wiki yake ya pili ya kompyuta.

Swali la kuficha au kutoficha si geni, na limejaribiwa na watu wenye uwezo mkubwa. Mwaka 1984 watafiti wawili wa IBM, John Carroll na Caroline Carrithers, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa mashine ya kuandikia iitwayo Displaywriter. Kikundi kimoja cha wanaoanza kilipewa mashine kamili. Kingine kilipewa mashine ambayo sehemu zinazowanasa wageni zilikuwa zimefungwa. Lakini hazikuondolewa. Majina yake yalibaki kwenye menyu kama kawaida, na aliyechagua mojawapo aliambiwa tu kwamba sehemu hiyo haipatikani katika mfumo wa mafunzo. Kikundi hiki kilianza kazi mapema zaidi, kilipoteza muda mchache katika makosa, na baadaye kilionyesha kuielewa mashine vizuri zaidi. Akaunti ya Limited inafanya karibu jambo hilohilo: milango yote inaonekana, michache haifunguki, na anayeigonga hadhuriki.

Miaka 11 baadaye Microsoft walijaribu njia nyingine kwa bidhaa iliyoitwa Bob, iliyotoka mwaka 1995. Badala ya madirisha na menyu, anayeanza alikuta nyumba yenye vyumba, saa ya ukutani, kalenda na meza ya kuandikia, na mbwa wa manjano aitwaye Rover akimwambia ndani ya kiputo cha maneno mambo anayoweza kufanya. Nia ilikuwa njema, nami naiheshimu mpaka leo: walitaka mtu asiogope. Lakini Bob alidai megabaiti 8 za kumbukumbu wakati kompyuta nyingi za nyumbani zilikuwa na chache kuliko hizo, na mwaka 1996 aliondolewa sokoni. Mimi naona kulikuwa na kasoro nzito zaidi. Ujuzi wa mle ndani haukutoka nje. Aliyejua kuzunguka vyumba vya Bob, akiwekwa mbele ya Windows ya kawaida ofisini, alikuwa mgeni tena. Katika kutaka kumpendeza kila mtu walilegeza hata mahali pa kukaza: ukikosea neno la siri mara tatu, Bob alijitolea kukusaidia uweke jipya. Rover mwenyewe hakupotea. Ndiye yule mbwa anayetikisa mkia kwenye dirisha la kutafuta faili katika XP yako, na kama wanafunzi wanampenda mwache.

Jaribio la tatu ndilo linalokusumbua kila wiki. Kuanzia Office 2000, furushi la programu ambamo Word imo, Microsoft walifanya menyu zinazojifunza: Word ikiona hutumii amri fulani inaificha, na inapandisha zile unazotumia. Wazo lilikuwa kwamba orodha fupi humsaidia anayeanza. Darasani hali ni kinyume. Mtu mzima anayejifunza hakumbuki jina la amri kwa Kiingereza kwanza, anakumbuka mahali: ya nne kutoka juu, chini ya ule mstari. Ukimhamishia mahali umempokonya kitu pekee alichokishika. Na kwa kuwa mashine moja inatumiwa na watu wengi, Word inajifunza mchanganyiko wa tabia za wote, na haimfai hata mmoja. Microsoft wenyewe waliachana na menyu hizo Word ilipobadilishwa sura katika Office 2007. Kwako dawa ni hii: fungua Word, nenda Tools, kisha Customize, kisha ukurasa wa Options, uweke alama kwenye Always show full menus. Fanya hivyo katika kila akaunti kwenye mashine zote saba. Menyu zitakuwa ndefu kidogo, ila zitakaa palepale daima.

Unaona uzi unaopita katika majaribio hayo matatu. Wingi wa machaguo si adui wa anayeanza. Anachokosa ni uhakika kwamba akikosea atarudi alikotoka. Katika XP nzima, sehemu ninayoiona imetengenezwa kwa utu kuliko zote ni ile ya kubadilisha ukubwa wa picha ya skrini. Ukichagua ukubwa mpya, kompyuta inakuonyesha, inakuuliza kama unataka kuubakiza, kisha inaanza kuhesabu sekunde 15. Usipojibu, labda kwa sababu skrini imekuwa nyeusi na huoni hata cha kubonyeza, inarudi yenyewe ilivyokuwa. Aliyeitengeneza alimfikiria mtu aliyeshikwa na hofu.

Mipangilio mingi haina ulinzi wa namna hiyo, kwa hiyo inabidi uwafundishe wewe. Anza na vitufe vitatu vya chini ya kila kisanduku: OK, Cancel na Apply. Wanafunzi wengi huambiwa wabonyeze OK na basi, hawaambiwi nini kinatokea. Waeleze kwamba walichokibadilisha ndani ya kisanduku, kwa kawaida, bado hakijaandikwa popote. Cancel hukitupa, na ile X ya pembeni juu ni sawa na Cancel. OK hukiandika na kufunga. Apply hukiandika bila kufunga, na hapa watahadharishe: baada ya Apply, Cancel haifuti tena kilichokwisha andikwa. Kwa hiyo mtu aliyepotea ndani ya kisanduku asichokielewa ana njia salama, abonyeze Cancel au kitufe cha Esc. Ningelifundisha hili kabla ya Word, kabla hata ya kuandika jina.

Kisha tenga somo zima la kuvuruga kwa makusudi. Kila mtu auhamishe upau wa chini hadi pembeni, halafu aurudishe kwa kuuburuta. Akimaliza abofye kulia juu yake na kuchagua Lock the Taskbar, nao hautahama tena. Kila mtu azifiche ikoni: kubofya kulia juu ya skrini tupu, Arrange Icons By, kisha kuondoa alama ya Show Desktop Icons, na kuirudisha kwa njia hiyohiyo. Kila mtu aipindue skrini kwa Ctrl, Alt na mshale wa chini, acheke, kisha airudishe kwa Ctrl, Alt na mshale wa juu. Hilo la skrini hutokea kwenye mashine zenye kadi ya picha ya Intel, kwa hiyo usishangae baadhi zikikataa.

Kuhusu kibodi, ile Shift ya sekunde nane huleta kisanduku kinachouliza kama unataka kuwasha FilterKeys, na mwanafunzi akibonyeza Enter kwa wasiwasi ameiwasha. Kuanzia hapo kompyuta hupuuza kila herufi iliyoguswa kwa haraka. Kuna ndugu yake, StickyKeys, anayeamka ukigonga Shift mara tano. Zote mbili zilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa mikono, na ni msaada mkubwa kwao, ila kama darasani kwako hakuna anayezihitaji, ingia Control Panel, Accessibility Options, ukurasa wa Keyboard, na chini ya Settings ya kila moja uondoe alama ya njia ya mkato. Jambo jingine hukulitaja lakini huenda unalo, maana kompyuta nyingi za mtumba hapa Nairobi zilitoka Uingereza: mtu akibonyeza alama ya @ inatokea alama ya kunukuu. Kibodi ni ya Uingereza na Windows inadhani ni ya Marekani. Rekebisha kwenye Regional and Language Options, ukurasa wa Languages.

Na Control Panel yenyewe iwe na sura moja kwenye mashine zote. XP ina mbili: ile ya makundi, na ile ya zamani yenye ikoni nyingi kwa mpangilio wa alfabeti. Mafundi hupenda ya zamani kwa sababu wanayajua majina. Kwa wanafunzi wako ningechagua ya makundi, kwa sababu inaanza na unachotaka kufanya, lakini kufanana ni muhimu kuliko chaguo lenyewe. Darasa ambalo mashine tatu zinaonyesha hivi na nne vile litamchosha hata mwalimu hodari.

Nirudi kwa mzee wako. Mpigie simu, umwambie kompyuta aliyoizima inafanya kazi, na kwamba skrini kubadilika ghafla ni jambo la kubonyeza vitufe viwili vitatu kulirekebisha. Akirudi, usianze na somo. Kaa naye kwenye mipangilio ya mausi. Kuna mahali pa kupunguza kasi inayohitajika kubofya mara mbili, na folda ndogo ya kujaribia hapohapo: ikifunguka, mkono wake umefika. Nimewaona wazee wakidhani hawana akili ya kompyuta, kumbe vidole vyao havikuweza kubofya mara mbili kwa kasi iliyowekwa kwa ajili ya kijana. Ongeza ukubwa wa maandishi, ongeza ukubwa wa mshale, na kama anatumia mkono wa kushoto badilisha vitufe vya mausi. Hii ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutoificha Control Panel: ndimo kompyuta inapopimwa na kushonwa upya ili imwenee mtu. Macintosh ya kwanza ya mwaka 1984 ililifanya hilo kwa dirisha moja dogo. Kasi ya kujirudia kwa herufi za kibodi ilionyeshwa kwa picha ya kobe upande mmoja na sungura upande wa pili, na mtu hakuhitaji kusoma neno lolote ili ajue achague wapi. Mzee wako akishajua kuchagua kobe wake, mwombe aandike kwa mkono karatasi za ukutani za jinsi ya kurudisha kila kilichovurugika. Mwalimu mstaafu ataliandika vizuri kuliko mimi.

Kuna kinga mbili za ziada. System Restore iko kwenye Accessories, System Tools. XP huweka alama za kurudia yenyewe karibu kila siku inapotumika, lakini kabla ya kila Jumamosi unaweza kuweka yako kwa mkono. Inarudisha mipangilio ya mashine na programu, haigusi kazi zilizohifadhiwa kwenye My Documents. Nyingine ni programu kama Deep Freeze, ambayo utaikuta kwenye saiba nyingi za mjini: kila mashine ikizimwa na kuwashwa, chochote kilichobadilishwa kinafutika. Ni kinga imara, na kwa saiba inafaa. Kwako naiona ina gharama kubwa. Ni ya kulipia, na haichagui. Mama aliyeandika barua yake ya kuomba kazi na kuihifadhi mahali pasipofaa ataikuta imekwenda na upau uliohama. Jaribu akaunti za Limited kwa muhula mmoja kwanza.

Mashine hizi zibaki nje ya intaneti. Microsoft waliacha kuitengenezea XP viraka vya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na mapengo yaliyogunduliwa baada ya hapo yako wazi. Usimruhusu mtu afungue huduma za serikali za eCitizen, kodi ya iTax, benki au barua pepe yake hapo, hata kwa dakika moja. Watumie simu zao. Flashi za nje nazo zinaleta virusi, kwa hiyo wanafunzi watumie flashi za darasa zisizotoka ukumbini.

Fundi utamhitaji kwa mambo ambayo menyu haiyafikii. Diski ikianza kugonga ndani kama inahesabu, nakili kazi zote siku hiyohiyo na uipeleke. Ukisikia harufu ya kuungua, au ukifungua kasha na kuona vile vikopo vidogo kwenye ubao mkuu vimevimba juu au vimevuja, usiiwashe tena. Mashine nyingi za miaka hiyo zilitengenezwa na vikopo vya namna hiyo vilivyo dhaifu. Ikiandika kwamba NTLDR (faili inayoiwasha Windows) haipo, chomoa flashi na utoe disketi kwanza, uwashe tena, na ikirudia ndipo umwite. Na fundi yeyote atakayetaka kufomati, muulize mambo mawili kabla hajaigusa: kazi za wanafunzi zitanakiliwa wapi, na madereva ya sauti, picha na mtandao ya mashine hiyo atayapata wapi. Kwa kompyuta za umri huu madereva ni taabu kuyapata, na nyingi hurudi kutoka kwa fundi zikiwa safi lakini bubu, na picha zake zimevutika. Akiwa na majibu ya yote mawili, afanye kazi hiyo hapo ukumbini ukiwa umeketi kando yake.